Niweke Wapi?

Jina langu limo kwenye mstari wa 11. Sisemi mstari wa shairi, ingawa najua wengi mnaopita hapa mmefuata mashairi. Ni mstari wa skripti, yaani maagizo machache niliyoiandikia programu ya ramani ili ifanye kazi niliyokuwa nimechoka kuifanya kwa mkono. Mstari huo uliiambia programu ihifadhi wapi ramani zikikamilika, na mahali penyewe palikuwa kwenye laptopu yangu, ndani ya folda yenye jina langu, ndani ya folda nyingine iitwayo RAMANI FINAL MPYA 2. Wewe unayecheka, fungua kwanza kompyuta yako uone rasimu ya mwisho ya hadithi yako umeiitaje.

Nilikuwa na mkataba wa miezi kadhaa kwenye idara ya ardhi ya halmashauri moja ambayo sitaitaja. Kazi ilikuwa urasimishaji wa makazi. Kwa msomaji asiyekaa Tanzania: kuna mitaa ambayo watu walijenga kwanza na upimaji ukaja nyuma yao, miaka ishirini, thelathini baadaye. Sasa mnapita nyumba kwa nyumba na mjumbe wa mtaa, jirani huyu na jirani yule wanasimama pamoja, wanaonyesha mpaka wao unapita wapi (huu mwembe, lile kona la choo), wanasaini fomu, nanyi mnachukua vipimo. Kisha kila kitalu kinachorewa ramani yake, zinabandikwa ofisi ya mtaa, watu wanakuja kuzikagua kwa kidole. Mtu akisema mpaka wangu umekosewa na majirani wakakubali, unarekebisha na kuchapa upya.

Hapo kwenye kuchapa upya ndipo palipoua. Vitalu vilikuwa 38. Chagua kitalu, sogeza ramani, badilisha kichwa cha habari, hifadhi kama PDF, nenda kinachofuata. Nusu siku imekwenda, halafu mchana anaingia mzee na kijiti chake anasema kona la choo si hapo. Programu tuliyotumia ni QGIS, ya bure, iliyoanzishwa na Gary Sherman kule Alaska mwaka 2002, na ndani yake unaweza kuandika maagizo kwa lugha ya Python. Nikajifunza usiku, kwa kukopi mifano ya watu na kuibomoa. Baada ya wiki mbili skripti yangu ilikuwa inachapa vitalu vyote 38 wakati mimi nakunywa chai. Kabla ya kuchapa ilikuwa inafuta PDF za zamani zilizomo kwenye folda, ili ramani iliyokosewa isije ikabandikwa tena. Kumbuka hilo la kufuta. Nilijiona fundi kwelikweli. Wakubwa walikuja kuangalia, mmoja akanipiga bega.

Halafu mkataba ukaisha, nikapata kazi wilaya nyingine, na skripti ikabaki kwa Mama.

Sote tulimwita Mama tu. Alikuwa wa masijala. Alianza kazi kama karani wa taipu, enzi za mashine zile za chuma, akabaki ofisi ile ile wakurugenzi wakibadilika kama misimu. Faili lolote ulilotaka, alikuwa analijua lilipo kabla hujamaliza kusema namba yake. Alikuwa amebakiza miaka miwili kustaafu, na ndiye pekee aliyekubali kujifunza mambo ya ramani bila kuuliza posho kwanza. Nikampa skripti kwenye flashi. Nikamwambia, "Ukifika mstari wa 11, Mama, toa njia yangu, weka ya kwako." Nilisema hivyo kama mtu anayemwambia mwenzake avue viatu mlangoni.

Mama alikuwa na folda nzuri. Aliitengeneza kwenye diski ya pili, akaipa majina ya mtu aliyeshika masijala maisha yake yote: *D:\nyaraka\ramani*. Nyaraka, ndani yake ramani. Ilinganishe na FINAL MPYA 2 yangu halafu niambie nani hapo ndiye aliyesoma.

Siku ya tatu akanipigia.

"Shikamoo Mama."

"Marahaba mwanangu. Hili dubwana lako limenikataa."

Nikamwomba anisomee mstari wa 11. Akanisomea herufi moja moja, pamoja na ile mikwaju iliyoinama kinyume, ambayo aliiita "ngazi zilizoanguka". Ulikuwa sawa. Nikamwomba asome ujumbe wa kosa. Ujumbe ulisema njia hiyo si halali, kisha ukairudia njia yenyewe kama alivyoiandika, herufi kwa herufi. Na mimi, badala ya kukiri kwamba sielewi, nikasema, "Labda kuna mahali umekosea, Mama. Angalia tena vizuri."

Aliangalia tena kwa siku mbili. Baadaye alinionyesha karatasi aliyokuwa ameunakili mstari ule mara nne kwa kalamu, akiweka rula chini ya kila herufi. Katikati ya siku hizo mbili bosi wake akapita na kusema pale mbele za watu kwamba mambo ya kompyuta yana umri wake, atafutwe kijana. Mama alikuwa ameshatoa ufunguo wa chumba cha kompyuta kwenye mkufu wake wa funguo, ameuweka mezani, tayari kumkabidhi huyo kijana ambaye hata hajapatikana.

Sasa msikilize kosa lilikuwa wapi, kwa sababu mnaopenda lugha mtalipenda hili.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970, kule Bell Labs nchini Marekani, watengenezaji wa lugha ya C walikubaliana kwamba mkwaju ulioinama kinyume ni alama ya tahadhari: herufi inayoufuata usiisome kama herufi, isome kama amri. Ukifuatwa na n, anza mstari mpya. Ukifuatwa na t, ruka nafasi ya kitabulishi. Ukifuatwa na r, rudi mwanzo wa mstari. Python, iliyotoka mwaka 1991, ikarithi desturi hiyo. Upande mwingine, mwaka 1983 Microsoft walitoa MS-DOS 2.0, toleo la kwanza la MS-DOS kuwa na folda ndani ya folda. Wakahitaji alama ya kuzitenganisha. Mkwaju wa kawaida ulikuwa umeshapewa kazi nyingine kwenye amri zao, kwa hiyo wakachukua huo ulioinama kinyume. Kila upande ulikuwa na sababu zake.

Wote hao hawakujua kwamba siku moja kutakuwa na mama wa masijala anayeandika Kiswahili. Tazama maneno ya ofisini kwetu: nyaraka, ramani, takwimu. N, r, t. Barua nayo imo, b ni kurudi nyuma herufi moja. Angeiita folda yake *kazi* au *hati* au *mipaka*, isingetokea shida yoyote. Angeiita *upimaji*, Python 3 ingegoma hata kuanza, maana u nayo ina amri yake. Yeye alichagua maneno mawili sahihi kabisa, na yote mawili yakasomwa kama amri. Na ule ujumbe wa kosa? Python inapoonyesha amri hizo ndani ya ujumbe, inaziandika tena kwa mkwaju na herufi. Kwa hiyo kosa lilionekana sawasawa na usahihi. Angepewa rula ya dhahabu, asingeliona.

Mstari wangu mimi ulipona kwa sababu nilitumia mikwaju ya kawaida, ambayo Windows nayo inaikubali. Nilifanya hivyo kwa kuwa mfano nilioukopi ulifanya hivyo. Sikuwa najua kwa nini. Hayo ndiyo maarifa niliyopigiwa bega.

Niligundua usiku wa siku ya pili, nilipoiandika njia ya Mama kwenye kompyuta yangu na kuiamuru ichapwe kwenye lile dirisha jeusi. Ikatoka hivi:

D:
amania

Nilikaa nikiitazama. *Amania*. Ilikuwa imeandika D na nukta zake, ikashuka mstari, ikaandika *yaraka*, kisha ilipofika r ikarudi mwanzo wa mstari na kuandika *amani* juu yake, ikaacha a moja ya mwisho ikining'inia.

Jumamosi nikapanda basi. Nilimweleza Mama nikiwa nimejiandaa kwa maelezo marefu, akanikatisha. "Inarudi mwanzo wa mstari bila kushusha karatasi," akasema. Akanyoosha mkono kushoto hewani na kuusukuma kulia, kama mtu anayerudisha kile kichwa cha taipu. "Halafu inapiga juu ya maneno yaliyopo. Mbona hilo tulikuwa tunakatwa mshahara." Alielewa kwa sekunde kumi jambo lililonichukua siku mbili. Sababu ni kwamba r ile inatoka kwenye mashine za aina ya ile ile aliyofanyia kazi ujana wake.

Ningeweza kumfundisha kugeuza mikwaju na kuondoka. Nusura nifanye hivyo. Lakini ile karatasi ya rula ilikuwa bado mezani, karibu na ufunguo, na nikaona kwamba tatizo lilianza kabla ya mikwaju. Kwa nini mtu afungue tumbo la skripti ili kuieleza anakaa wapi? Mimi sikuwahi kuona haja ya skripti kuuliza, kwa sababu jibu lilikuwa mimi. Niliandika kana kwamba duniani kuna laptopu moja.

Dirisha la kuchagua folda unalijua, hata kama hujui jina lake. Ni lile linalofunguka na kukuonyesha folda zako, unabofya unayoitaka, basi. Halihitaji kutengenezwa. Limo tayari ndani ya Qt, mkusanyiko wa vifaa vya madirisha na vitufe uliozaliwa Norway, na ambao QGIS yote imejengwa juu yake. Unaliita kwa mstari mmoja, nalo linakurudishia njia ikiwa kamili na mikwaju ikiwa salama. Robo saa ikatosha. Nikaweka kichwa cha dirisha kama nilivyoona kwenye mifano: *Select output folder*.

Mama akavaa miwani. "Output ndiyo nini?"

"Ni kinachotoka, Mama. Zile ramani."

"Sasa kwa nini isiulize tu niweke wapi?"

Mstari wa 11 ukawa hivi:

folda = QFileDialog.getExistingDirectory(None, "Niweke wapi?", "D:/")

Vitufe vya chini vilibaki kwa Kiingereza, maana hivyo ni vya Windows, si vyangu. Kichwa tu ndicho kilichokuwa chetu. Mama alikiangalia, akabofya nyaraka, akabofya ramani, akakubali, na vitalu 38 vikaanza kushuka kimoja kimoja. Akarudisha ufunguo kwenye mkufu. Nikapanda basi la jioni nikiwa na mahindi mawili ya kuchoma aliyoninunulia stendi.

Ningependa kuishia hapa, na miezi miwili ya kwanza nilipokuwa nasimulia habari hii niliishia hapahapa. Mahindi yalikuwa yanamaliza vizuri.

Kilichofuata ni kwamba siku moja Mama alianzisha skripti, dirisha likafunguka, likauliza niweke wapi, na palepale mtu akagonga kwenye kidirisha cha masijala akitaka faili. Mama akabofya Cancel. Kwenye simu za Kiswahili kitufe hicho huandikwa Ghairi, na ndicho alichomaanisha: ameghairi, atarudi baadaye. Akaenda kuhudumia mtu.

Kwetu mtu hupiga hodi. Akipiga mara tatu asijibiwe, anajua kwamba hata kimya ni jibu, anaondoka. Dirisha la Qt lina adabu hiyo: ukighairi, linaikabidhi skripti neno tupu, lisilo na herufi hata moja, maana yake mwenyewe hajakubali. Kazi ya mwandishi wa skripti ni kulipokea neno tupu lile na kusimama. Mimi sikuandika popote kwamba isimame. Nilikuwa nimejaribu dirisha lile mara nyingi, na kila mara nilichagua folda, kwa sababu mimi huwa nachagua. Kubofya kile kitufe kingine hata haikunijia.

Python ikipewa njia tupu na kuambiwa itafute PDF zote zilizomo, haisemi hapana mahali kama hapo. Inaelewa: hapahapa niliposimama. Na kwa jinsi Mama alivyokuwa anaifungua QGIS kwenye kompyuta ile, kwa kubofya faili la mradi, ilikuwa imesimama ndani ya folda ya mradi. Humo, pembeni ya mradi, kwa utaratibu wake mzuri, Mama alikuwa ametunza fomu za majirani alizoziskani yeye mwenyewe, zile zenye saini na dole gumba. Zilikuwa 63. Skripti ikafanya ilichoagizwa: kabla ya kuchapa, futa PDF za zamani. Faili likifutwa kwa njia hiyo haliendi kwenye lile pipa la taka. Linatoweka. Kisha ikachapa ramani 38 mahali palepale fomu zilipokuwa. Mama aliporudi alikuta folda imejaa PDF, na kwa muda hakuona kasoro.

Aliandikiwa barua ya kujieleza.

Nilijua Jumatatu. Alinipigia kuuliza tu kama kuna namna ya kuzirudisha, na hakusema kwamba skripti ndiyo iliyofanya. Nadhani alidhani ni yeye. Alishaambiwa mara moja aangalie tena vizuri. Wakati anaongea mimi nilikuwa nimeshafungua skripti, nimeshaona mstari wa 11 na ule unaoufuata, na kati yao hapakuwa na kitu. Nilijua kabisa. Nikamwambia nitaangalia. Nikapiga simu kwa bosi wake Jumatano. Siku hizo mbili sina maelezo yake. Nilikuwa naomba mkataba mwingine kwenye ofisi ileile, hayo siyo maelezo, ni habari tu. Barua yangu, iliyosema kosa ni la skripti na skripti ni yangu, ikaingia kwenye jalada lake pamoja na ile aliyoandikiwa. Ile ya kwanza haikuondolewa. Masijala haitoi karatasi iliyokwishapewa namba, Mama mwenyewe ndiye aliyenieleza hivyo.

Karatasi halisi nyingi zilikuwepo. Mama hakuwahi kuiamini kompyuta kiasi cha kutupa karatasi, na akaskani upya 59 kwa siku mbili. Nne zilikuwa zimerudi kwa mwenyekiti wa mtaa kwa sababu ya marekebisho. Tatu zikapatikana. Moja haikuonekana hadi leo. Ilikuwa ya kiwanja cha pembeni kabisa mwa kitalu cha 17, jirani mmoja mama mjane, jirani wa pili mzee ambaye alishika kalamu akasaini mbele yangu, nakumbuka, akilalamika kwamba kalamu haina wino. Kati ya kusaini na kupotea kwa fomu yule mzee alifariki. Vijana wake wakasema baba hakukubali mpaka ule hata siku moja. Mimi nilimwona akikubali. Lakini nilichokiona mimi hakibandikwi ofisi ya mtaa.

Kwenye ramani, mpaka uliokubaliwa huchorwa kwa mstari mzima. Wenye mgogoro tuliamua kuuchora kwa vistari vilivyokatikakatika. Kitalu cha 17 kina mpaka mmoja wa namna hiyo, una urefu wa mita 14 hivi, na yule mjane hajapata hati yake.

Nilirudi kuirekebisha skripti. Ni mistari miwili tu: kama folda ni tupu, acha, usiguse kitu. Nikaongeza kwamba hata ikipewa folda, isifute ila mafaili iliyoyatengeneza yenyewe, yanayoanza na neno *kitalu*. Pia nikaifanya ikumbuke folda ya mara ya mwisho, jambo ambalo Mama hakulijali.

Alitaka kuona jambo moja tu. Akavuta kiti, akaianzisha. Dirisha likafunguka na swali lake juu. Akabofya Cancel. Dirisha likajifunga. Hakuna kilichotokea, na ule ukimya ulikuwa mrefu. Akafungua folda ya mradi akaanza kuzihesabu fomu zake kwa kidole juu ya kioo, midomo ikitembea, moja moja mpaka chini. Akafika 62.

"Tena," akasema.

Nikaianzisha tena.